Majaribio ya moshi hayachukui nafasi ya rigresheni

SWALI: Tunatengeneza programu ya simu ya chama cha akiba na mikopo. Tuna majaribio 600 ya rigresheni yanayochukua saa 4 nzima, na tunayaendesha kila toleo jipya likitufikia, hata mara mbili kwa siku. Meneja anataka tubaki na majaribio ya moshi pekee. Inafaa?
Mpimaji wa programu, Dodoma

JIBU: Kuhusu muda, meneja wenu ana hoja. Dawa aliyochagua ndiyo siyo.

Majaribio ya moshi hujibu swali moja tu: je, toleo hili linasimama kiasi cha kustahili kupimwa? Yanatosha 10 hadi 15, yasizidi dakika 10. Seva imewaka, hifadhidata inafikika, mwanachama anaingia, anaona salio, anaomba mkopo, malipo moja yanapokelewa. Likianguka hata moja, rudisheni toleo palepale, rigresheni isianze.

Rigresheni huangalia kama mabadiliko ya leo yameharibu kilichokuwa kinafanya kazi jana. Tuseme mtengenezaji ameamua namba za simu zihifadhiwe zikianza na 255 badala ya 0. Majaribio ya moshi yatapita yote, maana humsajili mwanachama mpya. Mwanachama wa zamani namba yake bado inaanza na 07. Akilipa rejesho, mfumo unamtafuta kwa 255, haumpati, pesa inaning'inia bila akaunti, na siku ya mwisho ikipita anapigwa faini ya kuchelewa ilhali amelipa. Kosa la namna hii hunaswa na jaribio lenye data ya zamani, kwa hiyo hakikisheni mnayo.

Basi endesheni moshi kwa kila toleo. Likipita, fuatisheni rigresheni ya sehemu iliyoguswa na jirani zake: ukigusa marejesho, pima pia riba, faini, ujumbe mfupi na taarifa ya mwezi. Seti nzima iende usiku, na lazima ipite kabla wanachama hawajapewa toleo.

Mkigawa kazi kwa mashine 4, muda utashuka hadi saa moja na ushee, ila kwa sharti kwamba kila jaribio litengeneze mwanachama wake. Majaribio yakitumia mwanachama mmoja kwa pamoja, jaribio moja litatoa pesa huku jingine likihesabu salio, nanyi mtamsaka mchawi kwenye msimbo (maandishi ya programu) usio na kosa.

Jaribio linaloanguka leo na kupita kesho msiliendeshe tena na tena mpaka likubali. Mara nyingi chanzo ni kusubiri kwa kukisia: jaribio linangoja sekunde 5, uthibitisho wa malipo unafika sekunde ya 6. Badala yake, jaribio liulize hali ya muamala kila sekunde, kikomo sekunde 30.

Hitilafu yoyote iliyoripotiwa na mwanachama iandikiwe jaribio kabla ya kurekebishwa. Liendesheni kwanza kwenye toleo bovu. Likipita hapo, bado halijagusa tatizo, liandikeni upya.