Shangazi, Mungu aliniumba kwa ajili gani?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, naishi na mama hapa Morogoro. Nilimaliza shahada ya ualimu mwaka 2020. Tangu hapo nimeitwa kwenye usaili mara nne, sijapata kitu, namsaidia mama gengeni. Wenzangu wana kazi, wengine wameolewa, mmoja juzi kaweka picha ya nyumba aliyojenga. Naimba kwaya, nafunga, naomba, lakini ndani nahisi mtupu. Mwaka jana nilikwenda semina ya kugundua kusudi la maisha. Mtumishi akaniambia nyota yangu imefunikwa, nipande mbegu ya shilingi 150,000 hatima yangu ifunguke. Nikakopa kwenye kikoba cha mama. Hakuna kilichobadilika, na deni bado nalipa. Siku nyingine nikilala natamani nisiamke. Shangazi, Mungu aliniumba kwa ajili gani? Samahani kwa mwandiko, naandikia magotini kwa bibi jirani. Amepooza upande mmoja, nakaa naye mchana hadi mjukuu wake atoke shule.*

*Mtupu, Morogoro*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma usiku, nikairudia asubuhi kabla ya chai. Naanza na sentensi uliyoipitisha haraka, kwamba siku nyingine unatamani usiamke. Hiyo usiibebe peke yako. Leo hii mwambie mama yako, au mtu mzima mwingine unayemwamini, kwa maneno yale yale uliyoniandikia. Mawazo hayo yakikujia kwa nguvu usiku, mwamshe mama. Kisha nenda hospitali ukaonane na daktari, umweleze habari za usingizi wako na huo utupu. Moyo nao huugua kama tumbo linavyougua, na kwenda kutibiwa hakumaanishi umepungukiwa imani. Eliya aliyeshusha moto mlimani Karmeli alikaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe, na malaika aliyetumwa kwake hakumhubiria. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Mungu alimwacha alale kwanza.

Sasa lile la mbegu. Nimeumia, na sitaficha. Nyota yako haijafunikwa na mtu yeyote. Yesu alipowatuma wale mitume thenashara aliwaambia, "Mmepata bure, toeni bure," na hakuwapa bei ya kufungulia hatima ya mtu. Hiyo 150,000 haikushindwa kufanya kazi kwa sababu imani yako ni ndogo. Haikuwa na kazi ya kufanya. Usiongeze hata mia juu yake, hata ukiambiwa mbegu ya kwanza ililiwa na ndege. Maliza deni la kikoba, maana pale kuna jasho la kina mama wenzake mama yako.

Sitashangaa kama siku ile ya semina mlisomewa Yeremia 29:11, ile ya "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Tunaiona kwenye kalenda, kwenye kadi za harusi, nyuma ya daladala. Ni neno zuri mno, ila lilitoka kwenye barua, na barua ina mwenyewe. Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli. Kule Yerusalemu nabii mmoja, Hanania, alitangaza kwamba baada ya miaka miwili tu mambo yangekuwa yamekwisha. Bila shaka watu walishangilia. Yeremia akawaandikia kwamba itakuwa miaka 70. Na katikati ya hiyo miaka 70 akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake, wautakie amani mji ule walimo. Yaani ahadi ile unayoipenda walipewa watu walioambiwa waishi vizuri mahali ambapo hawakutaka kuwapo. Nikisoma sura ile nzima napata faraja kuliko nikisoma mstari mmoja kwenye kalenda.

Umeniuliza Mungu alikuumba kwa ajili gani, na nadhani swali hilo umefundishwa kuliuliza kana kwamba jibu limefichwa mahali, na wenzako wameshalipata wewe ukabaki unapapasa gizani. Mtazame Yesu mwenyewe. Luka anasema alipoanza kufundisha alikuwa na umri wa kama miaka 30. Kabla ya hapo alikuwa Nazareti, watu wakimjua kama seremala, mwana wa Mariamu. Yohana anatuambia ishara yake ya kwanza ilikuwa ile ya arusi ya Kana, kwa hiyo miaka yote ile hapakuwa na muujiza wa kusimulia, palikuwa na mbao na misumari. Kisha akabatizwa Yordani, na sauti ikatoka mbinguni, "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Sasa angalia sauti hiyo ilisemwa lini. Alikuwa bado hajamponya hata mkoma mmoja, hajahubiri mlimani, hajamwita Petro. Alipendwa kabla hajawa na cha kuonyesha. Na wewe, binti yangu, unapendwa leo ukiwa na shahada yako kabatini na vidole vyako vinanuka vitunguu vya gengeni. Hapo ndipo maisha yenye kusudi yanapoanzia, na wengi tunataka kuanzia kwingine.

Kuna mfano wa Yesu ambao naona aliusimulia kwa ajili ya watu kama wewe. Uko Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri kutafuta vibarua, akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa. Wayahudi walihesabu saa tangu jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi, kwa hiyo hata saa kumi na moja ya mfano ule ni hii hii unayoijua, mama anapoanza kufunika nyanya zilizobaki. Saa hiyo mwenye shamba akawakuta watu bado wamesimama, akawauliza mbona wamesimama pale mchana kutwa bila kazi. Wakajibu, "Kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya mfano huu, na karibu wote hukimbilia kwenye malipo. Mimi huwa nabaki hapo kwenye jibu lao. Hawakuwa wavivu, walikuwapo sokoni wamesimama. Mwenye shamba hakuwaambia nyota zao zimefunikwa, wala hakuwauliza wamekosea wapi. Aliwaambia, "Enendeni nanyi katika shamba la mizabibu." Na jioni akawapa dinari nzima, ujira wa kibarua wa kutwa, kwa sababu watoto wa aliyeajiriwa jioni wana njaa sawa na watoto wa yule wa alfajiri. Ndiyo maana sitakuambia kwamba kazi si muhimu ukiwa na Yesu. Yeye mwenyewe alitufundisha kuomba mkate. Endelea kupeleka maombi, nenda usaili wa tano, nenda na wa sita.

Na zile picha za wenzako, zifunge kwa muda. Petro alipoambiwa habari za mwisho wake aligeuka akamwona mwenzake, akauliza, na huyu je? Yesu akamjibu, "Imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi." Hakumpa maelezo zaidi ya hapo.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoiombea radhi.

Mama yangu mzazi alipooza upande wa kulia, nikamuuguza miezi kumi na minne. Najua gauni linavyovaliwa: unaanza na mkono mgonjwa, ndipo ule mzima, na wakati wa kuvua unaanza na mzima. Najua uji unavyotoka pembeni mwa mdomo upande usiohisi, na namna unavyoupangusa haraka ili mgonjwa asione kwamba umeona. Najua kugeuza mwili kila baada ya saa mbili mgongo usichubuke. Miezi ile watu wakiniuliza siku hizi nafanya nini, nilikuwa najibu, "Sifanyi kitu, nipo tu na mama." Leo nikikumbuka jibu lile nalia.

Wewe umeniandikia ukurasa mzima kwamba maisha yako hayana kazi yoyote, halafu chini kabisa ukaomba samahani kwa mwandiko kwa sababu unaandikia magotini, pembeni ya kitanda cha mgonjwa asiye ndugu yako. Kasome Mathayo 25. Mfalme anawaambia wale wa mkono wa kuume, "Nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama," nao wanashangaa. Wanauliza, Bwana, ni lini tulipokuona? Hawakuwa na habari. Walikuwa wamemtazama Kristo siku nyingi huku wakidhani wanakaa tu na bibi wa jirani. Hukuhitaji kwenda semina kuambiwa hilo. Ulikuwa tayari ndani ya shamba la mizabibu ukiwa bado unalia kwamba hujaitwa.

Sisemi kwamba umeumbwa ili umuuguze bibi huyo maisha yako yote. Anaweza kupona, anaweza kutangulia, na wewe unaweza kupangiwa shule Kigoma mwezi ujao. Mahali patabadilika. Lile agizo la kumpenda Mungu na kumpenda jirani ndilo utakalokwenda nalo, na darasani litakuwa na sura nyingine, na ukipata watoto nyingine tena. Wala usione haya kuzungumza na familia ya bibi. Kama wana uwezo, wakupe chakula cha mchana na chochote cha mfukoni. Yesu ndiye aliyesema mtenda kazi astahili kupewa ujira wake, na utu wema wako haupungui ukilipwa.

Kuhusu maombi, kwa mwezi mmoja acha kumwomba Mungu akuonyeshe kusudi lako. Asubuhi, kabla hujatoka kwenda gengeni, muulize tu: leo jirani yangu ni nani? Halafu soma Injili ya Luka, sura moja kwa siku. Zipo 24, kwa hiyo hata ukikosa siku mbili tatu mwezi hautaisha hujamaliza. Isome mchana kwa sauti, pale pale kitandani kwa bibi. Waliopooza wengi wanasikia vizuri ingawa maneno hayatoki.

Ukitoka kwa daktari niandikie, nataka kujua. Na bibi mfikishie shikamoo yangu, mwambie imetoka kwa mtu anayemjua kwa mwandiko wako.

Shangazi