Wote wana 0.343, bingwa ni mmoja

Swali: Mtaalamu, salaam. Nafanya kazi ghalani huku Michigan, na Septemba ikiingia wenzangu hawana mazungumzo mengine ila besiboli na nani atachukua ubingwa wa upigaji. Mzee mmoja tunayepakia naye mizigo ananiambia kwamba mwaka 1949 George Kell wa Detroit alimpokonya Ted Williams wa Boston ubingwa huo siku ya mwisho ya msimu. Nimetazama rekodi, naona wote wawili wameandikiwa 0.343. Sasa bingwa alipatikanaje? Tena mzee anasema Kell alikataa kukaa benchi mwishoni. Kukaa benchi kunamsaidiaje mtu anayeshindania taji? Kwenye soka asiyecheza hapati pointi.

Jibu: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Mzee wako amesema kweli. Nimeshughulika na takwimu za michezo miaka mingi, na mbio hizo za 1949 nimezihesabu kwa kalamu na karatasi mara nyingi kuliko nyingine zozote, kwa sababu kila kitu unachouliza kimo ndani yake.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalofungua mengine. Pointi za soka ni kama akiba kwenye kibubu, unaongeza tu. Wastani wa upigaji ni sehemu ya hesabu, yaani hiti zimegawanywa kwa zamu. Hiti ni mpigo unaomfikisha mpigaji kwenye besi, yaani kituo cha kukimbilia uwanjani, kwa mpigo wake mwenyewe, bila kosa la walinzi. Zamu ni kila mara anaposimama kupiga na ikahesabiwa. Akikosa, juu hakuongezeki kitu lakini chini kunaongezeka moja, na wastani unashuka. Ni kama mwanafunzi mwenye wastani wa 80 anayeingia kwenye somo la mwisho akapata 60. Angesamehewa somo hilo, angebaki na 80 yake. Asiyesimama kupiga habadiliki.

Zingatia hilo neno "ikahesabiwa". Mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo la kupiga na mpigaji asiiguse, mpigaji huenda besi ya kwanza bure, na mara hiyo haiingii kwenye zamu kabisa. Haimpandishi wala haimshushi. Williams alikuwa na jicho kali kupita kiasi, na mwaka huo wa 1949 alipewa besi za bure 162. Ndiyo maana zamu zake hazikuwa nyingi sana kwa mtu aliyecheza msimu mzima.

Sasa chukua kalamu. Asubuhi ya tarehe 2 Oktoba 1949, Williams alikuwa na hiti 194 katika zamu 564. Gawanya, unapata 0.3440. Kell alikuwa na hiti 177 katika zamu 519, ambayo ni 0.3410. Kwa jicho la haraka mchezo umeisha, siku imebaki moja tu. Lakini tazama mizani ilivyo. Kell akipata hiti moja anakwenda 178 kwa 520, anapanda kwa 0.0013. Akikosa mara moja anakwenda 177 kwa 520, anashuka kwa 0.0007 tu. Hiti moja humpandisha karibu mara mbili ya vile kukosa kumshushavyo, kwa kuwa mpigaji wa kiwango hicho hukosa karibu mara mbili kwa kila hiti moja. Kwa hiyo pengo la 0.003 siku ya mwisho si salama. Hiti tatu mfululizo zinalimaliza, na Williams akikosa hata mbili zinaweza kutosha.

Williams siku hiyo hakuwa na nafasi ya kujificha. Boston na Yankees walikuwa sawasawa kileleni mwa ligi na walikutana New York, mshindi achukue kombe. Tena alikuwa akitafuta kitu kikubwa zaidi: aliongoza kwa mipira aliyoipiga ikatoka nje ya uwanja, 43, na kwa mikimbio (pointi za timu) aliyoisababisha alifungana na mwenzake Vern Stephens kwa 159. Wastani ukibaki wake, angekamilisha mataji matatu kwa mara ya tatu maishani, baada ya 1942 na 1947. Akasimama, akapata zamu mbili zilizohesabiwa, zote akakosa. Boston walifungwa 5 kwa 3. Williams akamaliza na 194 kwa 566.

Detroit, Kell alicheza dhidi ya Cleveland, na walimrushia watu wawili wakali kweli, Bob Lemon kisha Bob Feller. Akapata hiti mbili katika zamu tatu. 179 kwa 522.

Hapa ndipo rekodi yako ya tarakimu tatu inapokudanganya. Kell ni 0.34291. Williams ni 0.34276. Ukizikadiria hadi tarakimu ya tatu, zote zinakuwa 0.343, lakini ubingwa hautolewi kwa namba iliyokadiriwa. Sehemu yenyewe hugawanywa mpaka tofauti ionekane. Tofauti hiyo ni chini ya mbili katika elfu kumi.

Tuje kwenye benchi. Mwishoni mwa mchezo habari ilikuwa imefika Detroit kwamba Williams hakupata kitu. Timu ilikuwa tayari kumwingiza mwingine apige badala ya Kell, na Kell mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikataa, hakutaka kuupata ubingwa akiwa amekaa. Fanya hesabu ya alichokuwa anakihatarisha: akipiga na kukosa anakuwa 179 kwa 523, sawa na 0.34226, na taji linarudi Boston. Kukosa kumoja tu! Akiwa amesimama na gongo lake akisubiri zamu, mpigaji aliyekuwa mbele yake akapiga mpira ulioishia kuwatoa wachezaji wawili kwa mpigo mmoja, na mchezo ukaisha. Kell hakuhitaji kupiga.

Kuna upande wa pili ambao watu huusahau, nao unaniuma kila nikiufikia. Williams hakuhitaji hiti. Ile zamu moja kati ya mbili alizokosa ingekuwa besi ya bure, angebaki 194 kwa 565, yaani 0.34336, na angekuwa bingwa bila kugusa mpira.

Kwa hiyo kihesabu, anayeongoza akikaa benchi anailinda namba yake, na kanuni haimkatazi. José Reyes wa New York Mets alifanya hivyo 2011: siku ya mwisho aligusa mpira polepole akapata hiti katika zamu ya kwanza, akatoka. Alimaliza na 0.337, na Ryan Braun wa Milwaukee hakumfikia. Mimi simlaumu, ila moyo wangu uko kwa Williams wa 1941. Aliamka siku ya mwisho akiwa na 0.39955, ambayo vitabuni ingeandikwa 0.400. Angeweza kukaa. Akacheza michezo yote miwili ya siku hiyo pale Philadelphia, akapata hiti sita katika zamu nane, akamaliza na 0.406.

Usidhani lakini kwamba mtu anaweza kupiga vizuri Aprili kisha akakaa mpaka Oktoba. Kuna kiwango cha chini: mara 3.1 za kusimama kupiga kwa kila mchezo wa timu, ambazo kwa msimu wa michezo 162 ni 502. Hapa besi za bure zinahesabiwa. Zamani hazikuhesabiwa, na 1954 Williams huyo huyo alikosa ubingwa akiwa na 0.345 kwa sababu alikuwa na zamu 386 tu wakati zilitakiwa 400. Besi za bure 136 alizopewa hazikumsaidia kitu, na taji likaenda kwa Bobby Ávila mwenye 0.341. Kanuni ilikuja kubadilishwa.

Na aliyepungukiwa kidogo ana njia. Huongezewa zamu za kukosa mpaka afikie kiwango, na akiwa bado juu, taji ni lake. Tony Gwynn wa San Diego mwaka 1996 alisimama mara 498, zimepungua nne. Hiti zake 159 zikagawanywa kwa 455 badala ya 451, akashuka kutoka 0.353 hadi 0.349, na bado alimpita Ellis Burks mwenye 0.344.

Basi asubuhi mnapobishana ghalani, acha wastani uliochapishwa. Chukua hiti na zamu za kila mmoja, gawanya mpaka tarakimu ya tano, kisha ongeza hiti moja, halafu ongeza kukosa kumoja, uone nani anampita nani. Na tazama pia kama mara zake za kusimama zitafika 502.