Geuza chupa usome lebo

Wiki iliyopita nilimkuta kijana wetu mpya anapima kloridi ya kalsiamu bila kugeuza chupa aone lebo. Moyo ulinipiga paa. Wadogo zangu mnaopima dawa za kuzuia ukoko, yale madini yanayoganda ndani ya mabomba ya visima, hebu tuketi.

1. Soma lebo, kisha uisome tena. Kloridi ya kalsiamu kavu ina kalsiamu asilimia 36. Iliyobeba maji ina 27 tu. Nilipokuwa mgeni kazini nilipiga hesabu ya kavu, nikapima yenye maji. Maji niliyotengeneza kuiga ya kisima yakapungukiwa kwa robo kalsiamu, ile inayojenga ukoko, nami nikaendesha wiki tatu nzima jaribio la mrija, yaani kupitisha maji kwenye mrija mwembamba tuone ukoko utauziba lini. Fosfoneti, dawa yetu ya kuzuia ukoko, ikaonekana ya ajabu: miligramu 3 kwa lita, na shinikizo halipandi. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba dalili ilikuwa mbele yangu. Mrija usiotiwa dawa, ambao kwetu ulizoea kuziba ndani ya dakika 20, ulichukua karibu saa nzima. Niliona. Nikaandika daftarini. Nikajiambia ni pampu inayosuasua, kwa kuwa nilitamani yale matokeo yawe kweli. Ripoti ikatoka. Mteja akaleta maji halisi ya kisima chake turudie, na mrija ukaziba kwa dozi ileile, sote tumesimama tunatazama sindano ya geji ikipanda. Bosi hakufoka. Alichukua ile chupa, akaniwekea mezani lebo ikinitazama, akaenda zake. Jioni ile nilipitishwa kituo changu na matatu nisijue.

Kwa hiyo anza na mrija usio na dawa. Ukikataa kuziba kwa wakati wake, simamisha kila kitu.

2. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Utaratibu ukitaka nyuzi 95, funga chupa za jaribio vizuri uziweke kwenye oveni, usihangaike na beseni la maji.

3. Bariamu na salfeti zikikutana huota ukoko, kwa hiyo zikae chupa mbalimbali mpaka dakika ya jaribio. Na ukishachuja sampuli, itie kwenye myeyusho wa kuituliza papo hapo, kabla ya chai. Ukoko hausubiri umalize andazi. Unaendelea kuota mle chupani, na kipimo chako cha bariamu kitashuka dawa isingiziwe. Tena huu si ukoko wa kaboneti unaooshwa kwa asidi. Salfeti ya bariamu ikishika bomba kisimani, asidi haiifanyi kitu, watu hushusha mitambo kwenda kuikwangua.

4. Maji ya kisima yakiwa na chuma, tia chuma kwenye jaribio. Fosfoneti hudhoofika mbele yake.

Yule kijana alimwaga lita zote tano za maji aliyotengeneza, akaanza upya saa kumi jioni. Nilibaki naye. Safari hii alinisomea lebo kwa sauti kabla hajagusa mizani.