Barua ya Maombi na Petroli ya Boti

SWALI: Asalaam aleikum, Bi Muuguzi. Nasoma uzamili wa afya ya jamii, kwetu ni Faza, kisiwani Pate, kaunti ya Lamu. Kuna nafasi ya uanagenzi katika utafiti wa sera za afya, iliyoanzishwa kumkumbuka mtafiti aliyefariki. Wanataka barua ya ukurasa mmoja. Shangazi yangu alifariki kwa uzazi, nasi tulikuwa bado tunachangishana pesa za petroli ya boti. Nikimwandika, si nitaonekana naomba huruma? Na huyo marehemu nimseme vipi, nami sikumjua?
Msomaji, Faza

JIBU: Waaleikumu salaam, mwanangu. Mungu amrehemu shangazi yako. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana nami nimewahi kuketi botini usiku pale Mkanda, mlango wa bahari wa kwenda Lamu, mama anatokwa na damu, nahodha anangoja maji yajae ndipo tupite.

Mwandike. Ila andika na saa. Uchungu ulianza saa ngapi, nani aliamua apelekwe Lamu, petroli ilipatikana lini, mlifika gatini saa ngapi, daktari alimwona saa ngapi? Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza vifo vya uzazi kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kutafuta matibabu, kukifikia kituo, na kuhudumiwa ukishafika. Zipange saa zako humo, na anayesoma ataona mwenyewe shangazi alipotelea wapi.

Hapo ndipo swali la sera linapozaliwa. Mwaka 2013 ada ya kujifungua iliondolewa katika hospitali za umma za Kenya, na mwaka huohuo kaunti zikaanza kukabidhiwa huduma za afya. Kujifungua kukawa bure. Boti ikabaki na bei yake. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: huduma za ambulensi zimewekwa mikononi mwa kaunti. Kwetu visiwani ambulensi ni boti! Basi petroli yake imo katika fungu gani la bajeti, na saa nane za usiku nani ana idhini ya kuitoa? Swali hilo mwanagenzi analiweza, kwa kusoma bajeti na kuzungumza na manahodha na wakunga. Mimi ningelipenda sana lijibiwe nikiwa hai.

Marehemu mtafute katika maandishi yake. Soma hata makala mawili, kisha utaje jambo moja aliloliuliza linalogusa visiwa vyetu, au hata ulilotofautiana naye. Sifa zake waliomzika wanazijua. Wanatafuta mtu wa kuishika kazi aliyoiacha.

Jina la shangazi usilitaje. Na kabla ya kutuma, wasomee mumewe na wanawe barua yote, kwa Kiswahili, hata kama umeiandika kwa Kiingereza. Wakikataa, usiwashurutishe. Andika safari ile ya boti, usiseme aliyekuwamo alikuwa nani wako.