Usiwapeleke watoto kutazama nyota usiku wa mwezi mpevu

Mkuu, usilipe hiyo advansi. Unasema Jumamosi unawapeleka watoto watatu Bagamoyo, mchana magofu ya Kaole, jioni kutazama nyota kwa darubini pamoja na familia nyingine. Unauliza wabebe nini, wale nini, na kama yule wa miaka mitano atastahimili usingizi. Halafu katikati ukaandika, tena kama sifa, kwamba ni usiku wa mwezi mpevu. Hapo ndipo moyo uliponiruka.

Sisi tuliuziwa maneno hayo hayo. Mwandaaji, simtaji, alituambia mwezi mpevu ndio usiku bora: watoto hawataogopa giza na kila kitu kitaonekana. Ilikuwa mwezi wa kwanza, anga safi, hakuna wingu. Tukakodi gari, tukalipa kiingilio kwa kila kichwa, tukachukua na watoto wa dada yangu. Jua likazama upande wa bara, mwezi ukachomoza baharini kama sinia. Ulipendeza, sikatai. Lakini kufika saa mbili usiku mchanga wote ulikuwa unang'aa, na nyota zilizobaki juu ni zile zile ambazo wanangu huziona Mbagala wakitoka nje kumwaga maji. Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, haikuwepo. Bibi yao alikuwa amewasimulia Kilimia, lile kundi dogo la nyota, njia nzima, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, wakulima walivyokuwa wakikitazama kujua msimu. Walipokitafuta wakaona kaukungu hafifu.

Basi wakapangwa foleni wautazame mwezi wenyewe. Kila mtoto akichungulia anarudi anafikicha macho. Binti yangu wa katikati akasema, "Baba, ni jeupe tu." Na alisema kweli. Mwezi ukiwa mpevu, jua linaupiga usoni moja kwa moja kwa upande tunaoutazama sisi, kwa hiyo milima na mashimo yake hayana kivuli. Bila kivuli hakuna cha kuona ila mwanga unaoumiza macho.

Na yule bwana alijua. Mtu mwenye darubini hawezi kukosa kujua jambo hili, ni la kwanza kabisa. Alichagua tarehe ile kwa kuwa mwezi mpevu unapendeza kwenye tangazo na unajaza watu. Nilipomfuata, akanijibu kwamba watoto wa siku hizi hawana subira. Hawana subira! Watoto waliosimama foleni ile yote bila hata mmoja kunung'unika! Hela inatafutwa, itapatikana. Kinachonichoma hadi leo ni kwamba binti yangu alirudi nyumbani akiamini anga la kwenye kitabu chake cha shule ni la uongo.

Kanuni ni hii: tazama mwezi kabla ya kutazama bei. Tafuta kalenda ya Kiislamu, maana tarehe zake zinaufuata mwezi wenyewe. Tarehe 4 hadi 7 ndizo zako. Jua likizama unakuta mwezi tayari uko juu, umemulikwa ubavuni, na pale mwanga unapokutana na giza kila shimo linatupa kivuli. Watoto wanauona kwanza huo. Huku kwetu giza linaingia upesi, saa mbili kasorobo limeshakamilika, kwa hiyo nyota wanaziona kabla ya usingizi kuwachukua, na mwezi unaendelea kushuka magharibi. Tarehe 13 hadi 17 kaa nyumbani, wacheze mbalamwezi uani, ni raha yake na haina kiingilio. Isipokuwa siku mwezi unapopatwa, kama ule wa tarehe 7 Septemba 2025 uliogeuka mwekundu kwa zaidi ya saa nzima. Huo hutokea mwezi ukiwa mpevu tu, na hauhitaji darubini ya mtu.

Baadaye mwalimu mmoja jirani yetu aliazima darubini ndogo, tukaenda Kisarawe tarehe 6 ya Kiislamu. Binti yule yule alichungulia akapiga kelele, "Baba, kuna mashimo!" Akakataa kumpisha kaka yake. Kisha tukaigeuzia sayari ya Mushtarii (Jupita), wakahesabu miezi yake minne imejipanga mstari, ile ile aliyoiona Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, mwaka 1610. Simu zote zilikuwa zimezimwa, kwa sababu jicho linahitaji kama nusu saa kuzoea giza na tochi moja inaliharibu papo hapo.

Sasa hiyo Jumamosi yako nimeitazama, inaangukia tarehe 14 ya Kiislamu. Kaole nendeni tu, magofu hayana neno na mwezi. Ya jioni, mpigie mwandaaji leo, mwambie asogeze tukio hadi mwezi mwandamo utakapokuwa na siku tano. Akianza kukueleza uzuri wa mwezi mpevu, usimtumie hata senti.