Kulenga sahani kama kazi: niliyoyaona nikiwa mpakiaji wa mashine

Muulizaji ametaka kujua kama mpwa wake wa miaka 16, Mtanzania anayeishi Kuwait na wazazi wake, anaweza kuufanya mchezo wa kulenga sahani zinazorushwa hewani kwa bunduki ya marisau (vijigololi vinavyotawanyika) kuwa kazi ya maisha. Nilifanya kazi miaka 6 katika uwanja mmoja wa Ghuba, nikaanza kwa kupakia sahani kwenye mashine za kurushia na nikaondoka nikiwa msaidizi wa waamuzi, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona.

Sahani hizo, ingawa huitwa za udongo, hutengenezwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa. Kila moja ina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105. Wakati wa joto kali zilikuwa zikigandana, ikatulazimu kuzibandua moja moja kwa mkono zisije zikavunjikia ndani ya mashine, na jioni vidole vyetu vilikuwa vyeusi kama vya fundi gereji. Nazitaja kwa sababu gharama ya mchezo huu inaanzia hapo. Kim Rhode, mlenga sahani wa Marekani, amewahi kueleza kwamba hufyatua risasi kati ya 500 na 1,000 kwa siku ya mazoezi. Risasi moja hubeba marisau ya gramu 24. Kwa hiyo risasi 500 ni kilo 12 za marisau, na sahani zake ni zaidi ya kilo 52, zote za siku moja.

Nani atalipia? Wengi niliowapakilia walikuwa maafisa wa jeshi au polisi, ambao mshahara wao uliingia hata walipokuwa safarini kwa mashindano, na waliobaki walikuwa watoto wa wafanyabiashara wakubwa. Hata Marekani, Vincent Hancock alikuwa askari wa kikosi cha jeshi cha walenga shabaha aliposhinda dhahabu Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 19. Sikumwona hata mmoja aliyeishi kwa fedha za zawadi peke yake.

Jambo la pili ni muda. Kwa kuwa kijana yuko Kuwait, bila shaka amesikia habari za Abdullah Al-Rashidi, mlenga sahani wa nchi hiyo, ambaye alishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza Atlanta mwaka 1996, akawa bingwa wa dunia, lakini medali ya Olimpiki, ya shaba, hakuipata mpaka mwaka 2016 mjini Rio, baada ya miaka 20. Kuwait ilikuwa imefungiwa wakati huo, hivyo alishindana kama mchezaji huru, na kwa kuwa hakuruhusiwa kuvaa sare ya nchi yake alivaa jezi ya Arsenal (mashabiki wenzangu, angalau shaba hiyo tuihesabu). Akarudia shaba Tokyo akiwa na miaka 57, kisha akatwaa dhahabu ya Michezo ya Asia Hangzhou mwaka 2023 akiwa na miaka 60, bila kukosa hata sahani moja kati ya 60 za fainali.

Tena kanuni hubadilika na mtu akaachwa pembeni na mchezo aliouzoea. Rhode alishinda dhahabu mwaka 1996 na 2004 katika trapu ya jozi. Trapu ni mchezo ambao sahani hurushwa kutoka mbele ya mlenga zikimkimbia, na katika ile ya jozi sahani mbili hurushwa kwa pamoja. Baada ya hapo mchezo huo ukafutwa kwa wanawake, naye akahamia skiti, ambako sahani hurushwa kutoka vibanda viwili vya pembeni zikikatiza mbele ya mlenga, akapata fedha Beijing, dhahabu London kwa kuvunja sahani 99 kati ya 100, na shaba Rio. Ukiyasikia utadhani ni kuhama kibanda tu. Katika trapu kitako cha bunduki kinakuwa begani kabla hujaita sahani. Katika skiti kinasubiri chini, kwenye utepe ulioshonwa kwenye fulana usawa wa nyonga, na sahani inaweza kuchelewa hadi sekunde 3 baada ya kuita. Nilimwona mzee mmoja, mpiga trapu hodari, akijaribu kuhama. Kila alfajiri alisimama mbele ya kioo cha chumba cha kubadilishia nguo na bunduki tupu, akiinua na kushusha mpaka bega likavimba, na bado uwanjani bunduki ilimtangulia sahani. Baada ya miezi 8 akarudi kwenye trapu yake.

Kuhusu mpwa wenyewe, kikwazo kikubwa ni uraia. Ajira za jeshi nilizozitaja ni za raia, na katika mashindano ya kimataifa mchezaji husajiliwa na shirikisho la nchi yake. Hawezi kujipeleka mwenyewe. Kabla hamjamnunulia bunduki, ulizieni nyumbani Tanzania kama kuna shirikisho lililo tayari kumsajili, na kwa masharti gani.

Vilevile, avae kinga ya masikio tangu siku ya kwanza, hata anapokuwa mtazamaji tu. Msimamizi wetu alituona wapakiaji hatuzihitaji, na sikio langu la kulia linapiga mluzi mpaka leo.