Divai "kali": neno moja, hisia nne

SWALI: Sisi ni kikundi cha wapenzi wa divai hapa Dodoma. Tunaandaa meza ya kuonja divai za zabibu aina ya syrah kutoka bonde la Rhône nchini Ufaransa, Barossa nchini Australia, Stellenbosch nchini Afrika Kusini na za hapa kwetu, chupa zote zikiwa zimefunikwa. Fomu tumeiandika kwa Kiswahili, lakini tulipoijaribu karibu kila mtu aliandika "kali" kwa kila glasi. Je, neno hilo linatosha? Tena, ni sahihi kusema "kuonja kwa upofu", na jina la zabibu hii tuliandike "sira"?

JIBU: Waonjaji wenu hawakukosea Kiswahili. Tunasema jua kali, kisu kikali, siki kali, pilipili kali, gongo kali na mwalimu mkali, na kila mara tunaeleweka, kwa sababu nomino inayotangulia humwonyesha msikilizaji ni ukali wa namna gani unaozungumziwa. Neno hili hutaja nguvu ya kitu kinapotufikia, na aina ya nguvu hiyo huiachia nomino. Mezani penu nomino ni moja tu, yaani divai, na zabibu ni moja. Kwa hiyo msaada huo haupo, na "divai kali" inaweza kuwa na maana nne ambazo hazina uhusiano wowote kati yao. Isitoshe, lebo, bei na jina la nchi vikishafichwa, kitu pekee mnachoweza kulinganisha baada ya kuonja ni maneno yaliyoandikwa kwenye fomu.

Maana ya kwanza ni uchachu, ambao hutokana na asidi ya zabibu yenyewe. Mtu akitaka kuujua kwa hakika, na alambe unga wa ubuyu au anywe maji ya ukwaju yasiyotiwa sukari, aone mate yanavyomjaa mdomoni. Hapa pana mtego ambao Kiswahili kimeutega chenyewe: divai yenye uchachu ni divai hai, na syrah inayotoka sehemu zenye ubaridi, kama Rhône ya kaskazini, husifiwa kwa hilo, lakini divai iliyochacha ni divai iliyoharibika. Kivumishi na kitenzi vimetoka shina moja, ila kimoja ni maelezo na kingine ni mashtaka. Mwonjaji anayeandika "imechacha" akitaka kusema "ni chachu" atakuwa amemtukana mtengenezaji bila kukusudia. (Nomino "chachu" nayo ndiyo hamira, ambayo kiwandani hugeuza sukari ya zabibu kuwa kileo, kwa hiyo ni salama zaidi kwenye fomu kuandika "uchachu".)

Ya pili ni ukakasi, na hili ndilo neno ambalo ningependa kuona limepewa mstari wake kwenye kila fomu ya divai nyekundu. Wakazi wa Dodoma huenda siku hizi wanalisikia zaidi katika siasa, mzungumzaji anapolalamika kwamba kauli au kifungu fulani kina ukakasi, lakini makao yake ya asili ni mdomoni. Ni ile hali ya ulimi kukwaruza na ufizi kukauka baada ya kula zambarau, ndizi mbichi au bibo, au baada ya kunywa chai ya rangi iliyochemshwa kupita kiasi. Katika divai husababishwa na tanini za maganda na mbegu za zabibu, ambazo hushikamana na protini za mate na kuyaondolea utelezi. Tazameni tofauti: uchachu huleta mate, ukakasi huyakausha. Watu wawili walioandika "kali" huenda mmoja alikuwa akimeza mate na mwingine akitafuta maji ya kunywa, na fomu ikaonyesha kwamba wamekubaliana.

Ya tatu ni moto wa kileo unaosikika kooni na kifuani. Kwa maana hii pekee ningewaachia waonjaji neno "ukali", kwa kuwa ndivyo tunavyosema pombe kali, na kila Mswahili ataelewa. Barossa ni nchi ya joto. Zabibu zake huiva sana, sukari huwa nyingi, na divai nyingi za huko hufika asilimia 14 ya kileo au kupita. Mtu anayeweza kutenganisha moto huo na ukakasi ameshapata dalili nzuri ya mahali chupa ilikotoka kabla haijafunuliwa.

Ya nne ndiyo inayowapoteza wengi, maana si ladha. Syrah inajulikana kwa pilipili manga, na mtu akishaambiwa hivyo huandika "kali kama pilipili". Kinachowasha katika pilipili manga ni piperini, nayo haimo katika divai. Kilichomo ni rotundoni, kampaundi ya harufu ambayo imo pia katika pilipili manga, na ambayo watafiti wa Australia waliitambulisha katika divai za syrah mwaka 2008. Hunuswa tu, haiwashi hata kidogo. Kwa hiyo andikeni "harufu ya pilipili manga" kwenye sehemu ya pua, si "ukali wa pilipili" kwenye sehemu ya ulimi. Tena msishangae mmoja wenu akiapa kwamba hasikii kitu, kwani katika utafiti huohuo takriban moja ya tano ya waonjaji hawakuweza kabisa kuihisi kampaundi hiyo, hata ilipotiwa kwa wingi kwenye maji. Mtu huyo hajashindwa kuonja, na fomu impe nafasi ya kuandika "sisikii".

Uchungu, kama wa mwarobaini au kwinini, ni jambo jingine na katika syrah hauwi mkubwa. Mstari mmoja unatosha.

Nakuja kwenye "kuonja kwa upofu". Siupendi msemo huu, na sababu si adabu peke yake. Waonjaji wenu wana macho na wanayatumia: wanatazama rangi, weusi wake na zambarau iliyo pembeni mwa glasi. Walichonyimwa ni habari za chupa. Kiswahili kina kauli ya kutendewa inayoeleza jambo hili vizuri kabisa, yaani kufichiwa, kwa hiyo semeni "kuonja kwa kufichiwa lebo", au kwa ufupi "kuonja kwa kufichiwa". Faida yake ni kwamba mnaweza kutaja kilichofichwa. Kuna wanaotumia glasi nyeusi ili hata rangi isionekane, na hao wanaonja kwa kufichiwa rangi. Wana sababu: katika jaribio la Bordeaux, nchini Ufaransa, lililochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa fani ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yaliwachagulia msamiati kabla pua haijasema lolote.

Kuhusu "sira", nawaomba msifanye hivyo. Kwa kawaida ningeunga mkono kuliswahilisha neno, lakini nafasi hii ina wenyewe. Sira ni masimulizi ya maisha ya Mtume, na katika Kiswahili cha zamani kidogo, ambacho wasomaji wa Biblia bado wanakikuta, sira ni mashapo yanayobaki chini ya chombo cha divai. Kumwalika mtu aje kuonja sira za Dodoma kungekuwa mwaliko wa ajabu. Liandikeni syrah, kama jina la aina ya mmea. Waaustralia huliita shiraz, na mtu wa Pwani atawakumbuka Washirazi mara moja. Lakini uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wazazi wa zabibu hii ni Dureza na Mondeuse Blanche, zote mbili za kusini mashariki mwa Ufaransa, kwa hiyo hadithi kwamba zabibu hii ilitoka Shiraz, mji wa Uajemi, haina mizizi.

Jambo la mwisho hamkuliuliza, ila fomu yenu italihitaji. Msiandike "divai kavu" mkikusudia divai isiyo na sukari. Msemo huo umefuata lugha za Ulaya, nao umeshaenea, lakini mbele ya mtu ambaye ukakasi umemkausha ulimi muda huohuo, "kavu" itamfanya aweke alama mahali pasipo pake. "Isiyo na sukari" ni ndefu zaidi na haimchanganyi mtu. Vilevile "tamu" iwe na maana ya sukari tu; anayetaka kusema divai imempendeza aandike kwamba imempendeza, kwenye mstari wake.